Mlango Ukishafungwa Saa Kumi

Ukipita Uhindini asubuhi ukatukuta nje ya benki tunasubiri mlinzi afungue, mashati yamenyooshwa, wanaume na tai, wadada na skafu zao shingoni, utadhani sisi ndio tuliopatia maisha Mbeya nzima. Mama yangu alidhani hivyo. Nilipopata ajira alizunguka Ilomba kuwatangazia majirani kwamba mwanawe yuko benki, na tangu hapo sijawahi kuletewa kadi ya mchango wa harusi yenye kiwango cha kawaida.

Nina zaidi ya miaka kumi kwenye kazi hii. Nilianza ukeshia, nikapelekwa mikopo, kisha nikarudishwa kaunta kuwa msimamizi wa makeshia. Benki yenyewe sitaitaja, bado nakula kwao. Ninachotaka kusimulia ni kwamba katika tawi moja, kwa mshahara uleule na mwongozo uleule wa makao makuu, nimeishi maisha mawili ya kazi ambayo hayafanani hata kidogo. Kilichobadilika ni meneja, na kwa meneja huyo kilichobadilika zaidi ni mambo yanayofanyika mlango ukishafungwa saa kumi jioni.

Mteja anaijua benki ya saa mbili na nusu hadi saa kumi. Baada ya hapo keshia anatoa fedha zote kwenye droo, anazitenganisha, tembo za elfu kumi kwa tembo, faru za elfu tano kwa faru, simba za elfu mbili kwa simba, na zile za elfu moja za Nyerere, anahesabu, anafunga mabunda ya noti mia mia, halafu analinganisha na kiasi kinachosomeka kwenye mfumo. Bunda la elfu kumi kumi ni milioni moja. Msimu wa mpunga wafanyabiashara wanapanda kutoka Ubaruku na Igurusi wamebeba fedha kwenye mifuko ya salfeti, na noti hizo huja na vumbi la pumba. Zilizokunjwa mara nne mashine inazikataa, inabidi uzinyooshe moja moja kwa kidole gumba ulichokilowesha kwenye sponji. Zimo zilizoungwa kwa gundi ya karatasi, zimo zinazonuka dagaa wa Kyela. Fanya hivyo kwa milioni sitini, huku mtu wa mbele kwenye foleni anakugongea kioo kwa sarafu, uone kama jioni utaweza kufunga kifungo cha koti.

Hesabu ikilingana unamshukuru Mungu, unakabidhi. Ikizidi ni tatizo, maana yupo mteja uliyempunja. Ikipungua, hiyo ndiyo shoti, na shoti ndiyo inayowalaza watu macho wazi.

Kwa meneja wa kwanza, hakuna aliyetoka mpaka wote wamebalansi, yaani droo zimelingana na mfumo. Aliita moyo wa timu. Kwa vitendo ilikuwa hivi: mmoja akipungukiwa laki mbili, wote tunabaki. Tunarudia kuhesabu droo zetu ambazo zimeshalingana, tunapekua vocha, zile karatasi za miamala, tunainama chini ya meza, tunakung'uta kapu la takataka. Saa moja inapita, saa mbili usiku inaingia. Ni Juni, baridi ya Mbeya mnaijua, na daladala za kuelekea Uyole zimeshakuwa za kusubiri, kwa hiyo unachukua bajaji kwa bei ya usiku. Na baada ya yote hayo, fedha isipoonekana, mwenye shoti anaambiwa maneno matatu: "Lete kesho asubuhi." Hakuna barua, hakuna kuangalia kamera. Usipoileta, ripoti itaandikwa na jina lako litapanda makao makuu, kwa hiyo unailipa. Watu walilipa kwa fedha za vikoba, kwa ada za watoto, kwa mikopo ya simu yenye riba ya kutisha.

Mwenzangu wa dirisha la pili alipungukiwa laki tano siku ya mishahara ya walimu. Alilia chooni, akaosha uso, akarudi kumalizia kufunga mabunda. Kesho yake alizileta, nusu amekopa kwa dada yake wa Sae, nusu ameuza simu. Wiki kadhaa baadaye mteja mmoja akalalamika kwamba pochi yake imeibiwa ndani ya ukumbi wetu, ikabidi picha za siku ile zifunguliwe. Mtu wa usalama anatafuta pochi, macho yake yakakutana na kitu kingine: dirisha la pili, mkono unatoa bunda la tembo mahali palipotakiwa bunda la faru. Milioni moja badala ya laki tano. Mteja aliyepokea ni mwenye duka la vifaa vya ujenzi, tunamfahamu, akapigiwa simu, akarudisha. Alisema aliona zimezidi akadhani tutamtafuta. Kumbe jibu lilikuwa kwenye ile kamera juu ya kichwa cha dada wa watu jioni ileile aliyokuwa akilia chooni, na kuliona kungechukua nusu saa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haikuliacha jambo hili hewani. Kifungu cha 28 kinamruhusu mwajiri kukata mshahara ili kufidia hasara, ila kwa masharti. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Aelezwe kwa maandishi chanzo, kiasi na namna kilivyokokotolewa. Apewe nafasi ya kupinga. Na makato hayo yasizidi robo ya mshahara wake. Ona sasa ujanja wa "lete kesho asubuhi": hakuna makato yoyote yanayoandikwa, mtu amelipa kwa mkono wake mwenyewe, na kwenye karatasi ya mshahara kila kitu ni safi. Sheria hiyohiyo inasema saa za kawaida ni 45 kwa wiki, zisizozidi tisa kwa siku, na za ziada zilipwe mara moja na nusu. Zetu hazikuandikwa popote. Tuliambiwa kubalansi ni sehemu ya kazi ya keshia, kana kwamba kazi ikiwa ni yako saa zake hazihesabiki.

Meneja wa pili alikuwa mama wa makamo kutoka Iringa. Wote tulimwita Mama, hata waliokuwa wanakaribiana naye umri. Kila asubuhi alimsalimia mlinzi "Kamwene", mlinzi naye, Mnyakyusa wa Rungwe, anamjibu "Ugonile", na wote wawili wanacheka kana kwamba ndiyo kwanza wamelisikia. Wiki ya kwanza hakubadilisha lolote. Alikuwa anatazama tu. Jioni moja akatoka ofisini kwake na mkoba begani akatukuta tumekaa kwenye viti vya wateja.

"Hawa wamekaa nini?"

"Wanasubiri, Mama," nikamjibu. "Kuna shoti."

"Shoti ya nani?"

Kijana wa dirisha la nne akanyoosha mkono kama yuko darasani.

"Pole, baba. Na hawa wengine wameshalingana?"

"Wote, Mama."

"Sasa wanalinda nini? Nendeni mkapike."

Tuliobaki ni watatu, mwenye shoti, mimi na yeye. Tukafungua kamera, tukaanza na miamala mikubwa ya kutoa. Siku ile hatukuipata. Akamwambia kijana aandike maelezo yake ukurasa mmoja, kiasi kikaingizwa kwenye akaunti ya muda inayotunza tofauti za hesabu, na kesho asubuhi tukaendelea na macho mapya. Ilipatikana kwenye vocha iliyoandikwa mara moja lakini ikalipwa mara mbili. Yule kijana mpaka leo akimpigia simu yule mama anaanza na shikamoo hata kama ameshamwamkia kwa ujumbe.

Lakini lililopunguza shoti zenyewe ni jambo ambalo hata halikuwa jipya. Kila droo ina kiwango cha fedha kinachoruhusiwa, na ikizidi keshia anatakiwa kukabidhi ziada kwenye volti, chumba cha kuhifadhia fedha, mchana huohuo. Kimeandikwa kwenye mwongozo tangu siku nyingi. Enzi za meneja wa kwanza hatukukifuata kwa sababu kukabidhi mchana kunasimamisha dirisha, na yeye alipimwa kwa urefu wa foleni. Mama akasema foleni isubiri. Wateja walinung'unika, na walikuwa na haki, maana dirisha moja likifungwa siku ya tarehe 25 watu wanaona mnawachezea. Ila jioni keshia alibaki na mabunda machache ya kuhesabu, na fedha ikipungua ilijulikana imepungua kati ya saa ngapi na saa ngapi. Kwa kumbukumbu zangu hakuna kitu kingine kilichoturudisha nyumbani mapema kama hicho. Chakula cha mchana nacho akakipangia zamu ya saa nzima, kila mtu na saa yake ubaoni. Wali maharage wa mama ntilie wa nyuma ya stendi tukaanza kuula ukiwa wa moto.

Ufunguo ni hadithi nyingine. Mtu wa nje hajui kwamba volti haifunguliwi na mtu mmoja. Wapo wawili, kila mmoja na wake, na mmoja akikosekana tawi halina fedha za kuanzia siku. Nilipopewa usimamizi nilipewa na ufunguo, nikapongezwa, nikaongezewa posho kidogo. Hakuna aliyeniambia kwamba kuanzia siku hiyo siruhusiwi kuugua ghafla.

Baba mdogo alifariki Tukuyu alfajiri ya Jumatatu. Simu ilipoingia nilikuwa nimeshavaa. Huyu ndiye aliyenisomesha kidato cha tano na sita. Nikampigia meneja, wakati huo bado yule wa kwanza, akanipa pole, kisha akasema nije kwanza nikabidhi. Kukabidhi ufunguo si kumrushia mtu kama unampa wa nyumba. Volti yote inahesabiwa, bunda kwa bunda, mbele ya anayepokea na shahidi, fomu zinasainiwa. Na aliyestahili kupokea alikuwa kwenye mafunzo Dar es Salaam, kwa hiyo ikatafutwa ruhusa ya mtu mwingine. Nilitoka benki jua limeshapinda. Uyole nikapanda Kosta, nikafika nyumbani giza limeingia, shangazi zangu wananitazama tu.

Nilipewa siku moja. Sheria inatoa siku zisizopungua nne zenye malipo kwa kufiwa na mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu, ndugu wa kuzaliwa, au kwa mtoto akiugua au akifariki. Baba mdogo hayumo kwenye orodha. Jaribu kumweleza mzee wa Kinyakyusa kwamba baba mdogo si mzazi, ukiwa umekaa naye kwenye turubai la msiba wa nduguye. Kwetu msiba haumalizwi na kaburi. Mnalala pale, mnapika pale, mnamaliza maneno yaliyobaki, na asiyeonekana anakumbukwa kwa miaka. Jumatano asubuhi nilikuwa nafungua volti.

Mama alipokuja akataka wafunzwe watu wawili zaidi na ruhusa zao ziombwe mapema, na funguo zikawa zinazunguka kila baada ya muda badala ya kumganda mtu mmoja. Wakaguzi wa ndani waliupenda mpango huo kuliko hata sisi, kwa sababu zao. Kwao ufunguo ukikaa mkononi mwa mtu mmoja muda mrefu ni hatari. Na hapa niongeze kitu ambacho kilinichekesha nilipokielewa. Likizo yangu nzuri kuliko zote, ile ya wiki mbili mfululizo bila simu hata moja, sikuipata kwa huruma ya mtu. Benki nyingi humlazimisha mfanyakazi wa sehemu nyeti apumzike mfululizo na nywila yake ifungwe, kwa sababu wizi unaofichwa kwenye vitabu vya hesabu unahitaji mwizi awepo kila siku kuufunika, na akiondoka unachomoza wenyewe. Kwa hiyo ninapumzika kwa sababu ninashukiwa. Sawa tu. Nilikwenda Matema nikalala.

Msije mkadhani yule mama alikuwa malaika. Kwenye malengo alikuwa mkali kuliko aliyemtangulia. Tangu Benki Kuu ilipotoa mwongozo wa uwakala wa benki mwaka 2013, miamala midogo mingi imehamia kwa mawakala wa mitaani na kwenye simu. Foleni zimepungua, madirisha yamepungua, na keshia aliyebaki ameongezewa kazi ya kuuza. Akaunti mpya ngapi wiki hii, bima ngapi, kadi ngapi. Mtu aliyesomea kuhesabu fedha anajikuta Jumamosi asubuhi Mwanjelwa, amevaa fulana ya kampeni, kipaza sauti kinapiga muziki nyuma yake, anamwomba muuza viazi namba ya NIDA. Muuza viazi naye anamuuliza kwa nini mwaka jana walimnyima mkopo.

Jedwali la malengo lilitumwa kwenye kundi la WhatsApp na majina yetu, wa kwanza mpaka wa mwisho, wa mwisho kwa rangi nyekundu. Meneja wa kwanza alilituma saa yoyote, hata saa tano usiku, na alama mbili za kuuliza. Mama alilikuta na akaliacha, maana liliagizwa kutoka juu. Alichoweza ni kupiga marufuku ujumbe wa kazi baada ya saa mbili usiku, na yeye mwenyewe akaifuata amri yake. Kilichokuwa kwenye jedwali hakikubadilika. Nilipokuwa mikopo niliwahi kubeba rangi nyekundu miezi mfululizo kwa sababu ya marejesho ya wakulima wa Mbarali. Mpunga unavunwa mara moja, marejesho yamepangwa kila mwezi, na aliyepanga hivyo hajawahi kushika jembe. Mvua ikichelewa Usangu, mimi ndiye niliyeulizwa Mbeya.

Mtu ataniuliza, sasa si uache? Wengi wanaoniuliza hivyo hawajui mkopo wa mfanyakazi. Benki inatukopesha wenyewe kwa riba ya chini sana kuliko ya mteja, na kwa mkopo huo nimejenga Isyesye, siwezi kusema uongo, watoto wangu wanalala kwao. Ila masharti ya kwetu ni kwamba ukiacha kazi, riba inapanda kuwa ya mteja wa kawaida na muda uliobaki ni uleule. Mwenzangu alipata nafasi kwenye shirika moja Njombe, mshahara mzuri, jioni zake mwenyewe. Akachukua kikokotoo, akaandika namba kwenye kipande cha vocha, akakikunja akakitupa. Yuko dirisha la kwanza mpaka leo. Wakati mwalimu akija kukopa kwetu tunahakikisha anabaki na theluthi ya mshahara wake wa msingi, ndivyo utaratibu wa watumishi wa umma unavyotaka, sisi wenyewe ukijumlisha mkopo wa nyumba, saccos, kikoba na shoti ya mwezi jana, wapo wanaopokea kitu cha nauli. Usiwapime watu wa benki kwa tai.

Yule mama alihamishwa. Aliyekuja ni kijana mpole kutoka Dar es Salaam, hana kelele, tunamheshimu. Mzunguko wa funguo umebaki, kwa sababu wakaguzi wanautaka. Zamu ya chakula imebaki siku za kawaida, inakufa mwisho wa mwezi. Kukabidhi ziada mchana kumebaki nusu nusu. Shoti imerudi kule kule kwa "lete kesho asubuhi", na mara hii hata hakuna aliyeamua hivyo. Ni kwamba alivyokuwa akifanya Mama haikuandikwa mahali, ilikuwa kichwani mwake, naye amepanda basi nayo.

Mkataba wa hali bora kati ya chama chetu cha wafanyakazi na menejimenti unajadiliwa upya mwaka huu, na matawi yameombwa mapendekezo. Nimeandika mawili. La kwanza, shoti isilipwe kabla kamera haijaangaliwa na mhusika hajapewa barua, na kinachokatwa kipite kwenye karatasi ya mshahara. La pili, baba mdogo na mama mkubwa waingizwe kwenye likizo ya msiba. Kiongozi wetu wa tawi ameyasoma akaniambia, "Dada, hili la msiba watakubali, halina gharama. Hilo la shoti watatusumbua." Nimemwambia aanze nalo hilo, la msiba alitoe mwishoni watu wakishachoka.